Taarifa, si Ombi: Mwongozo Kamili kwa Mashabiki wa Hiphop wa Arusha Wanaotaka Kuandamana kwa Amani

Kilichonifanya niandike haya ni daftari. Kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limechanika pembeni, mali ya chalii (kijana) mmoja wa Ngarenaro aliyekuwa ameandika humo mistari yake ya miaka miwili. Jioni moja tulikuwa sita kijiweni, spika ndogo imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, tunachana (tunarap) kwa zamu. Difenda ya polisi ikasimama. Hakuna aliyekimbia, maana hakuna aliyekuwa na cha kukimbia. Kituoni tukaandikwa uzururaji, ingawa wawili kati yetu walikuwa wametoka saiti na viatu vyao bado vina saruji. Asubuhi tukaachiwa. Daftari halikurudi. Chalii alilifuata mara nne, na mara ya nne akaambiwa asionekane tena pale.

Mtu akiibiwa simu, anajua aseme nini na watu wanamwelewa. Aliyepotezewa mistari ya miaka miwili anaonekana analeta utani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sisi mashabiki tuna malalamiko yetu ambayo hakuna atakayeyabeba kwa niaba yetu. Msanii ana meneja. Chama cha siasa kina wanasheria. Shabiki ana kofia, fulana na kijiwe.

Na huu ndio mji wenyewe! Arusha imetoa makundi kama X Plastaz, imetoa Watengwa wa Kijenge, Nako 2 Nako, mpaka Weusi. Nikki wa Pili wa Weusi aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Rapa Sugu alikaa bungeni miaka 10 kwa kura za Mbeya Mjini. Mtu huyohuyo akiwa jukwaani anaitwa fahari ya taifa. Anayemsikiliza akiwa amekaa kwenye tofali pale Ngarenaro anaitwa mhuni.

Mimi si wakili. Nimejifunza haya kwa kukosea mara ya kwanza, kufanikiwa mara ya pili, na kukaa sana na watu wanaoijua sheria. Pale ambapo jambo linahitaji wakili nitasema.

Waliotembea kabla yetu

Kuna mashabiki wa kundi la Marekani liitwalo Insane Clown Posse. Wanajiita Juggalos, wanapaka nyuso rangi kama wachekeshaji wa sarakasi, na wengi wao ni watoto wa familia za kipato cha chini. Mwaka 2011 shirika la upelelezi la nchi yao, FBI, liliwataja katika ripoti yake ya magenge kama genge lisilo na muundo imara. Fikiria uzito wake: mtu amechora tatuu ya bendi anayoipenda, kesho yake polisi barabarani anamchukulia kama mwanachama wa genge. Walikwenda mahakamani mwaka 2014, kesi ikafutwa, ikafufuliwa, ikafutwa tena. Tarehe 16 Septemba 2017 wakakusanyika Washington, mbele ya jengo la kumbukumbu la Lincoln, nyuso zimepakwa rangi, na wakaandamana kwa amani.

Nilichokipenda ni mpangilio wa siku yao. Hotuba kwanza, muziki mwishoni. Waliopanda jukwaani walisimulia hasara halisi, akiwemo mwanamke aliyefukuzwa kazi ya serikali kwa sababu ya ushabiki wake. Hawakuomba dunia iupende muziki wao. Walidai kitu kimoja, kwamba jina lao litoke kwenye orodha ya magenge.

Karibu zaidi na sisi ni Casablanca, Moroko, mwaka 2003. Vijana 14, wanamuziki na mashabiki wa roki nzito, walifungwa wakituhumiwa kuabudu shetani, na fulana nyeusi zikatajwa kama ushahidi. Watu wakaandamana, wakapiga muziki hadharani kuwatetea, na wengi wao wakaachiwa kwenye rufaa.

Hatua ya kwanza: lalamiko moja, sentensi moja

Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia, kwa hiyo usipite haraka. Kikao chetu cha kwanza kilitoa madai 11: polisi, uwanja wa mazoezi, redio kutopiga hiphop, bei ya studio, ajira, hata maji. Kila dai lilikuwa la kweli. Lakini madai 11 yakiwa kwenye bango moja, anayepita na kifodi (daladala) hasomi hata moja, na mkubwa anayepaswa kujibu anachagua lile rahisi na kuyaacha mengine.

Tukafanya hivi. Tuliandika sentensi zetu, tukaenda kuzisoma kwa mama mmoja anayetupikia wali maharage pale kijiweni. Akasikiliza yote huku anageuza chapati, kisha akasema, "Nimeelewa mnavyoumia, wanangu. Sasa mnataka nani afanye nini?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi wiki nzima mezani kwa sababu ya swali lile. Sentensi iliyotoka ilikuwa hii: *Tunaitaka polisi iache kukamata vijana kwa uzururaji kwa sababu tu wamekutwa wanachana au wamevaa kihiphop.* Ina anayeombwa, ina kitendo, ina mpaka. Mama akasema, "Hiyo naielewa."

Ukiwa na sentensi, kusanya ushahidi wake. Chukua tarehe, saa, mahali, idadi ya waliokamatwa, kosa lililoandikwa, matokeo. Usiandike majina ya askari kwenye karatasi itakayosambazwa mtaani, hayo mpe wakili. Matukio manane yaliyoandikwa vizuri yana nguvu kuliko kelele ya watu mia.

Hatua ya pili: mjue nyinyi ni nani

Sheria inasema *mtu yeyote* anayetaka kuitisha mkusanyiko au maandamano, kwa hiyo si lazima uwe na chama kilichosajiliwa ili utoe taarifa polisi. Mnachohitaji ni watu watatu hadi watano wenye umri wa zaidi ya miaka 18 walio tayari kuweka saini, namba za simu na anwani zao. Wachagueni kwa utulivu, si kwa umaarufu. Anayejua kuchana kuliko wote mara nyingi si anayejua kukaa na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, meza moja.

Siasa za vyama ziwekeni mbali kabisa. Simaanishi kuwa shabiki hana haki ya kuwa na chama. Ni kwamba siku ile bendera moja tu ya chama ikionekana, lalamiko lenu limekwisha, mtakuwa mnajibu maswali ya bendera. Sisi tulikataza hata rangi: hakuna aliyeruhusiwa kuvaa fulana au kofia yenye rangi za chama chochote.

Mtaarifuni mwenyekiti wa mtaa mapema, na mtendaji wa kata pia. Sheria haiwapi hao kazi ya kuruhusu. Ila OCD atakapopiga simu kuuliza "hawa vijana mnawafahamu?", jibu linatakiwa kuwa "ndiyo, walikuja hapa." Nendeni asubuhi, mmenyoosha nguo. Shikamoo kwanza, hoja baadaye.

Hatua ya tatu: mnaandamana, mnakutana, au mnafanya shoo?

Wana hiphop tuna ugonjwa wa kutaka vyote kwa pamoja, na hapo ndipo tunajinasa wenyewe.

Mkutano wa hadhara au maandamano yanahitaji taarifa polisi. Shoo yenye jukwaa, wasanii na viingilio ni habari nyingine: kuna vibali vya sanaa chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kuna afisa utamaduni wa halmashauri, kuna malipo ya uwanja, kuna masharti ya kelele. Mkichanganya, afisa yeyote anaweza kuwasimamisha kwa kosa la kibali cha burudani bila hata kugusa lalamiko lenu.

Ushauri wangu ni kutembea bila spika kubwa. Tumieni sauti zenu, makofi, na bitiboksi ya mdomo. Watu mia wakipiga bitiboksi moja kwenye Barabara ya Sokoine hawahitaji jenereta. Shoo ifanyeni wiki nyingine, na kibali chake.

Mashairi mtakayoimba yaandikwe kabla, yasomwe na kamati. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, BASATA wakaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Yeye alikuwa na jina nchi nzima. Chalii wa Daraja Mbili hana simu ya kumfikia Rais. Kwa hiyo hakuna tusi, hakuna kumtaja mtu kwa jina, hakuna tuhuma ambayo hamna karatasi yake.

Hatua ya nne: barua, ambayo ndiyo moyo wa mambo yote

Mara ya kwanza tuliandika: "Tunaomba kibali cha kufanya maandamano." Wiki mbili kimya. Tulipofuatilia tukajibiwa kwamba kibali hakijatoka, basi. Tulikuwa tumejifunga kwa neno letu wenyewe.

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, katika kile ambacho wengi wanakijua kama kifungu cha 43, haizungumzii kuomba. Inasema anayetaka kuitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi atoe *taarifa ya maandishi* kwa afisa wa polisi anayesimamia eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, saa na lengo. Akishatoa, anaweza kuendelea kama alivyopanga mpaka pale atakapopokea amri ya kuzuia. Na afisa hawezi kuzuia kwa kutopenda tu. Anatakiwa aridhike kuwa mkusanyiko una lengo lisilo halali au unaelekea kuvunja amani na usalama wa umma.

Haikuwa hivyo zamani. Kulikuwa na kibali. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1993 na Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba sharti la kibali linakwenda kinyume na haki ya kukutana iliyomo kwenye Katiba. Sheria ikarekebishwa, kibali kikatoka, taarifa ikaingia. Haki hiyo imo katika Ibara ya 20 ya Katiba ya mwaka 1977, na ya kutoa maoni imo katika Ibara ya 18. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka, na mipaka hiyo nayo lazima iwe imewekwa na sheria.

Barua yetu ya pili ilikuwa hivi, nanyi mwaweza kuinakili:

*Mkuu wa Polisi wa Wilaya,*
*Arusha.*

*YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI YA MASHABIKI WA MUZIKI WA HIPHOP*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, sisi tuliosaini hapa chini tunakupa taarifa kwamba siku ya Jumamosi, tarehe (andika), kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:30 asubuhi, tutafanya maandamano ya amani. Tutakusanyika (mahali), tutapita (taja kila barabara), na kumalizia (mahali), ambapo tutasoma tamko na kutawanyika. Tunatarajia watu wasiozidi 200.*

*Lengo ni kuwasilisha ombi kwamba vijana wasikamatwe kwa uzururaji kwa sababu ya kushiriki muziki au mavazi yao.*

*Tutakuwa na wasimamizi 20 wenye vizibao. Hatutatumia vipaza sauti. Hatuna uhusiano na chama chochote cha siasa. Tunaomba ushirikiano wa askari wa usalama barabarani kwenye makutano ya barabara tuliyoyataja.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*(majina, saini, simu)*

Angalia pale neno "tunaomba" lilipotumika. Tunaomba askari wa barabarani watusaidie kuvuka. Hatuombi kuandamana.

Toeni nakala tatu. Moja inabaki polisi, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na mnaondoka nayo, ya tatu mnampa wakili au mtu wa msaada wa kisheria. Kwenye muhuri hakikisheni kuna tarehe *na saa*, maana saa 48 zinahesabiwa. Karani akisema "iacheni tu hapo," jibuni kwa upole, "Sawa afande, tunaomba tu utugongee nakala yetu." Tulisimama pale dirishani saa moja na nusu kwa ajili ya muhuri ule. Simameni.

Saa 48 ni mpaka wa chini. Pelekeni siku 10 kabla.

Njia na siku

Arusha haifanani na mji mwingine wowote kwa jambo hili. Kukiwa na mkutano mkubwa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, au ugeni wa marais, msijaribu. Barabara zinafungwa na hakuna afisa atakayewasikiliza. Ijumaa mchana ni ya msikiti, Jumapili asubuhi ya kanisa. Karibu na soko la Kilombero siku ya soko mtakuwa mnagombana na mikokoteni na akina mama wenye nyanya, watu mnaotaka wawaunge mkono. Masika, Machi hadi Mei, mvua itawatawanya kabla ya polisi.

Njia fupi ni bora kuliko njia ya fahari. Kila mtu anataka kupita Mnara wa Saa ili apigwe picha. Sisi tulitaka kumalizia kwenye mnara wa Azimio, maana vijana wa mwaka 1967 walitembea maelfu ya hatua kuunga mkono Azimio la Arusha, na sheria inayotamka maandamano haitofautishi ya kupongeza na ya kulalamika. Polisi wakatutaka tusiingie mzunguko ule kwa sababu ya magari. Tulikubali. Kubadilisha njia si kushindwa, mradi sentensi yenu ibaki ileile. Ila mabadiliko yote waambieni wayaweke kwenye maandishi, au muwaandikie nyinyi: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo, tumekubaliana kwamba…"

Itembeeni njia nzima siku mbili kabla, saa ileile. Hesabuni mitaro isiyofunikwa.

Wakisema hapana

Lazima niseme wazi, maana sitaki mtoto wa mtu aumie kwa kuamini karatasi peke yake. Arusha inakumbuka tarehe 5 Januari 2011, maandamano ya Chadema yalipozimwa kwa risasi na watu watatu wakafa. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi nzima hadi Januari 2023. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, watu waliingia barabarani katika miji kadhaa, mtandao ukazimwa, na watu waliuawa. Kuna nyumba katika nchi hii ambazo bado zina msiba. Anayepanga maandamano bila kuyakumbuka haya hajapanga.

Kwa hiyo amri ya kuzuia ikija, hata kama sababu ni ile "taarifa za kiintelijensia" tuliyoizoea, msitoke. Ombeni amri hiyo kwa maandishi na sababu zake. Tangazeni kwenye makundi yenu yote ya WhatsApp kwamba imeahirishwa, na mtu wa kamati asimame mahali pa kukusanyikia asubuhi ile kuwarudisha ambao hawakupata ujumbe. Kisha katieni rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sheria hiyohiyo inatoa nafasi hiyo. Kwenda Mahakama Kuu kunawezekana, lakini hapo ni kazi ya wakili.

Inauma kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapahapa Arusha. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kuifikia moja kwa moja. Tunaipita na daladala.

Wakati mnasubiri, kuna njia nyingine. Kukusanya saini za wazazi, kisha watu wawili kuzipeleka ofisini. Kuomba kikao na mkuu wa kituo mkiwa na mwenyekiti wa mtaa. Kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora na yale matukio manane. Jambo letu la kikao na mkuu wa kituo lilizaa zaidi ya nilivyotegemea, maana kwa mara ya kwanza alituona tumekaa kwenye viti.

Mavazi

Nimeacha hili lisimame peke yake kwa sababu ndilo litakalowakamatisha. Kombati. Suruali zenye mabaka ya kijeshi tumezivaa tangu tuko shule, kwa kuwaiga wasanii wa Marekani. Kwa sheria za Tanzania, raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kofia, begi, hata kaptula ya mabaka, iacheni nyumbani. Sisi tuliweka watu wawili pale mwanzo wa kukusanyika wakiwa na fulana tano nyeupe za akiba, na walizitumia zote.

Kofia, bandana, dredi, cheni, fulana kubwa, hayo vaeni. Ndiyo hoja yenyewe. Kuvaa suti siku ya kudai haki ya kuvaa kihiphop kunaivunja hoja. Msifunike nyuso lakini. Bendera ya taifa, ukiibeba, usiiandike chochote. Na aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi, bila sare ya shule.

Siku yenyewe

Wasimamizi wafike saa moja na nusu asubuhi. Kila mmoja awe na eneo lake la watu 10 na anawajua kwa sura. Mtu mgeni akianza kurusha maneno au jiwe, wasimamizi wanakaa chini pale alipo, wote wanakaa, yeye anabaki amesimama peke yake na kila mtu anamwona. Tulilifanyia mazoezi hilo uwanjani mara tatu, na siku ile tulilihitaji mara moja.

Upande mmoja wa barabara tu. Kituo cha afya na shule mnapita kimya. Msiwaguse askari wala magari yao, hata kwa kuwapa maji. Wawekeeni maji mbali, waambieni yapo.

Watu wawili tu ndio warekodi video rasmi, wamekaa nje ya msafara, simu imelazwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza habari za uongo, hivyo usiweke mtandaoni kitu ambacho hukukiona kwa macho yako. "Nasikia wamekamata watu 50" imeshaharibu mengi.

Tamko lisizidi dakika tano. Anayelisoma asiwe rapa. Sisi alisoma dada anayeshona nguo pale Kaloleni, mwenye sauti ya chini, na watu wote walinyamaza ili wamsikie.

Mkimaliza, tawanyikeni kwa vikundi vidogo na kwa njia tofauti. Saa 5:30 mliyoandika kwenye barua ni ahadi.

Ukikamatwa

Usikimbie, usivutane. Uliza kwa heshima, "Afande, nakamatwa kwa kosa gani?" Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa haki ya kuambiwa sababu, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kuhojiwa. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu ya wino, simu itachukuliwa.

Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Maelezo ya onyo yasome yote kabla ya kusaini. Kama husomi vizuri, sema usomewe. Kama kuna kosa, litajwe lirekebishwe. Vitu vyako vikichukuliwa, viorodheshwe mbele yako. Kama sisi sita tungelijua hilo jioni ile, daftari la chalii lingekuwa na mstari wake kwenye karatasi.

Dhamana ya polisi haina malipo. Anayekuomba hela ya dhamana anaomba kitu kingine. Kwa makosa ya kawaida, usipoachiwa kwa dhamana unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kamati iwe na mtu mmoja aliyebaki nyumbani siku nzima na orodha ya wote, ambaye kazi yake ni kuhesabu waliorudi na kumpigia wakili. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia; watafuteni *kabla* ya siku, si saa nane usiku mkiwa nje ya kituo.

Aliyeumia apelekwe hospitali mara moja, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe siku hiyohiyo.

Siku inayofuata

Andikeni barua fupi ya shukrani kwa OCD na kwa askari wa barabarani. Iandikeni hata kama kuna jambo liliwaudhi. Lile la kuudhi liandikieni barua yake. Ambatisheni tamko na ombeni jibu ndani ya siku 30. Siku ya 31, nendeni.

Okoteni chupa zote njiani. Nakala yenye muhuri itieni kwenye nailoni, itunzwe nyumba mbili tofauti. Wekeni hesabu ya michango hadharani hata kama ni elfu 40. Vile vizibao 20 tuliviazima kwa bodaboda wa kijiwe cha jirani, ambao bila reflekta zao wanakamatwa na trafiki, kwa hiyo walitupa riziki yao ya asubuhi nzima. Tulivifua Jumamosi ileile mchana, tukavianika kwenye uzio wa mama wa wali maharage, na kufika saa 10 jioni kila mmoja alikuwa na chake. Yule chalii wa Ngarenaro ndiye aliyevipeleka, na mkononi alikuwa na kaunta buku mpya.